Gauni Nililolifumua

Kitendaguro, Bukoba
Jumapili, 9 Juni 2024

Kwako Nuriat, rafiki yangu,

Asalaam aleikum, kama mama yako alivyonizoesha kukusalimia kabla hata sijajua maana yake. Habari za kisiwani Goziba? Shemeji Ismail hajambo? Na yale mafua yako ya upepo wa ziwa yamepona, au bado unapiga chafya saba mfululizo mpaka majirani wanahesabu? Shuleni tulifundishwa kwamba baada ya salamu mtu aandike, "Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali." Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili leo na mara mbili nimeikata, utaiona mikwaruzo hapo juu. Sikuwa mzima, Nuriat. Sasa nina nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyonipa nguvu ya kushika kalamu.

Najua umenikasirikia. Tangu harusi yako ni miezi minane, na simu zangu hupokei. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningekasirika vilevile, ila mimi ningekasirika huku natabasamu, na ndiyo shida yenyewe ninayotaka kukueleza. Nakuomba jambo moja tu: soma mpaka mwisho, halafu ndipo uamue kama mimi bado ni rafiki yako. Ukiamua kwamba siyo, karatasi hii itafaa kuwashia moto wa chai. Nimempa Protase, yule anayeleta unga na sabuni huko kwa mtumbwi wake kila Jumanne, pamoja na kifurushi. Kifurushi usikifungue kwanza. Naijua mikono yako ilivyokosa subira, lakini leo ikalie.

Nyumbani wote wapo. Mama goti linamsumbua na bado hataki kukaa chini. Migomba ya upande wa bondeni ilipatwa na mnyauko, tukaing'oa yote, na sasa kutoka mlangoni unaona moja kwa moja mpaka kwa jirani. Mdogo wangu Nancy yuko kidato cha pili, amenizidi urefu na anajua hivyo. Kahawa imeiva, uwanja mzima umeanikwa, kuku wanafukuzwa kutwa. Kibanda changu cha kushonea pale Miembeni nimekifungua tena tangu mwezi wa tatu, ila nafanya kazi mpaka saa nane mchana, basi. Nimewekewa amri. Nitakuambia ni amri ya nani.

Kahawa hii ndiyo iliyonikumbusha Babu Kamala. Unakumbuka alivyotusimulia habari za kunywana? Tulikuwa darasa la tatu, tumekaa kwenye majani ya migomba, yeye anatafuna kahawa yake na kututemea maganda karibu na miguu. Alisema zamani watu wawili waliotaka kuwa marafiki wa kufa na kuzikana walipasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akapaka punje yake tone la damu, kisha akameza ya mwenzake. Tangu siku hiyo mtu alikuwa munywani wako, na hukuruhusiwa kumficha shida yako. Kesho yake tukaenda nyuma ya jiko tukachuma tunda bivu. Wewe ulikuja na wembe. Mimi nikakimbia mpaka kwenye parachichi, ukanikuta nalia, tukakubaliana mate yatatosha. Babu aliposikia alicheka mpaka akapaliwa, akasema wasichana hawakuwa wakinywana, halafu akafikiri kidogo akasema lakini hajaona palipoandikwa kwamba ni marufuku. Tuliapa kwamba mwenye shida atasema. Wewe umetimiza. Shida zako zote nazijua, hata zile ambazo nisingependa kuzijua. Mimi, Nuriat, sikutimiza hata siku moja.

Si kwamba sikukupenda. Ndivyo nilivyokuwa. Wewe ukichapwa na mwalimu ulilia kwa sauti mpaka darasa la saba wanachungulia dirishani, na kengele ya mapumziko ikigongwa unakula chapati umesahau. Mimi nikikosea hesabu moja kati ya ishirini, mwalimu hakuniambia neno, ila nilirudi nyumbani nayo, nikala nayo, nikaamka nayo. Nilikuwa naandika ukurasa mzima upya kwa sababu ya herufi moja. Na watu walinisifu! Wageni wakija, Mama alikuwa ananionyesha kama mtu anavyoonyesha ng'ombe wa maziwa: huyu wangu mpole, huyu hana neno, huyu hata akiumwa hutajua. Kina mama wa usharika wanatikisa vichwa kwa kutamani. Wewe ulikuwa unasemwa kwamba utamtoa mama yako roho. Nani angefikiri kwamba kati yetu wawili wa kuangaliwa nilikuwa mimi?

Basi nikawa fundi, na ufundi ukanifaa sana, maana fundi anayejisumbua anapata wateja. Nikishona, nafumua. Nikifumua, nashona tena. Unajua ule wembe wangu wa kufumulia ulivyokuwa unaisha haraka kuliko uzi. Mwaka jana, kuanzia mwezi wa sita hivi, mambo yakaanza kubadilika na mimi sikuyapa jina. Naamka alfajiri moyo unadunda kana kwamba nimechelewa mtihani. Chakula kinakuwa kama pamba mdomoni. Mteja akinisifu nasikia anamsifu mtu mwingine, akilalamika kidogo nasikia ndiye huyo anayenijua. Nilikuwa nachoka kabla ya kufanya kazi. Kwaya niliacha, nikasema koo linaniuma.

Hapo ndipo ulipokuja na kitambaa cha gauni lako la harusi. Satini ya rangi ya maziwa na lesi yake, umeinunua Mwanza, ukaivusha ndani ya ndoo ya mfuniko isishike harufu ya dagaa. Nilikupima pale kibandani ukiwa unacheka, unajipinda, unaniambia nikuongezee kifuani kwa ajili ya baadaye. Ukawatangazia wateja wangu wote kwamba Bukoba nzima fundi ni mmoja. Ulisema kwa upendo. Mimi nikasikia kama nimetwishwa gunia juu ya gunia lingine. Nikakuambia usiwe na wasiwasi, niachie mimi, na nikatabasamu.

Kilichofuata unakijua, au unajua nilichokuambia. Nilikupigia simu siku tano kabla ya harusi, nikasema wezi wamevunja kibanda wakabeba vitambaa vyote, na cha kwako kikiwemo. Ukasema, "Sawa." Wewe, Nuriat, ambaye kuniomba chumvi tu unatumia robo saa, ukasema neno moja. Uliolewa na gauni la binamu yako, limekubana hata kukaa ulikuwa huwezi. Mama alihudhuria akaniletea habari. Nitarudi hapo.

Baada ya harusi yako nililala. Sisemi nilijipumzisha, nililala nimegeukia ukuta, wiki baada ya wiki. Mama aliwaambia watu ni malaria, kwa sababu malaria haina aibu. Basi nikanyweshwa dawa ya mseto mara tatu kwa malaria ambayo kipimo hakikuwahi kuiona. Kina mama wa usharika walikuja na ndizi, wakaimba, wakaomba, na walipotoka nikawasikia ukumbini wakisema jinsi nilivyo mvumilivu, hata kulalamika silalamiki. Wana moyo mzuri sana wale. Lakini kila waliponisifu uvumilivu nilizidi kuona kwamba sina ruhusa ya kusema. Kisha ukaja msimu wa senene. Mama aliwakaanga kama ninavyowapenda, wakavu, na kitunguu, akaniletea sahani iliyojaa kitandani. Nikasema sitaki. Mama alisimama na ile sahani mkononi muda mrefu. Baadaye aliniambia kwamba siku ile ndiyo aliyoanza kuogopa, maana Mhaya mwenye malaria huomba senene hata kama atawatapika.

Lakini aliyeniinua ni Nancy. Ilikuwa mwezi wa kwanza, shule zimefungua. Alikuja kuketi pembeni ya kitanda na daftari lake la Kiingereza, akanionyesha ukurasa uliotoboka. Alikuwa amefuta na kuandika, amefuta na kuandika, mpaka karatasi ikachanika. Nilidhani anataka nimsaidie kazi. Aliniuliza, kwa sauti ndogo kabisa, kama mimi nilianza hivyo. Akataka kujua kama na yeye akifika umri wangu atalala ameangalia ukuta, ili ajiandae. Nuriat, ana miaka kumi na minne na alikuwa ameshapanga foleni nyuma yangu. Nikakaa. Nikamwambia amwite Mama, na Mama alipokuja nikamwambia kwamba hii siyo malaria, na kwamba siwezi peke yangu. Ilinichukua miaka ishirini na minne kusema maneno hayo, na Mama akayajibu kwa kunitafutia viatu.

Tulienda mjini, kliniki ya afya ya akili. Mama alijifunga kitenge mpaka puani asionekane, na mtu wa kwanza tuliyemkuta kwenye benchi ni mke wa mwinjilisti wetu, naye amejifunga vivyo hivyo. Wakasalimiana kwa macho. Ndani tulipokewa na muuguzi anaitwa Sista Bernadina, mama mnene mwenye sauti ya chini, huyo ndiye mwenye amri ya saa nane. Aliniuliza maswali ya usingizi, ya chakula, ya mambo niliyokuwa nayapenda. Halafu akaniuliza nikikosea kitu najiambia nini moyoni. Nikasema siwezi kutamka mbele ya mama yangu. Akasema basi niandike. Niliandika maneno matano. Alipoyasoma aliniuliza kama ningemwambia Nancy hivyo, nikasema hata mbwa nisingemwambia. Mama akaiomba ile karatasi. Akaisoma, akaanza kulia, na akasema kwa Kihaya kwamba maneno hayo anayajua yote, amejiambia hayohayo tangu akiwa binti, na alidhani ndiyo adabu yenyewe.

Sista alinieleza kwamba ugonjwa huu unaitwa sonona. Alisema kuwa mtu wa wasiwasi na mwepesi wa kujilaumu si ugonjwa wala si dhambi, watu wengi wameumbwa hivyo na wanazeeka salama. Ila mtu wa namna hiyo, hasa akiwa kijana, sonona inampata kwa urahisi kuliko mwingine, na inakaa muda mrefu bila kuonekana kwa sababu kila mtu anamsifia utulivu. Aliponiona sijaelewa akaniuliza mimi kama fundi, kitambaa kinachotoka nyuzi kwenye ukingo huwa nakifanyaje, nakitupa? Nikasema hapana, napiga ovaloki, nauzungushia ukingo uzi usiendelee kufumuka. Akasema basi. Napewa dawa, na kila Jumanne ya pili nakwenda kuzungumza naye. Amesema kupona hakutakuwa kwa siku moja, na kweli wiki nyingine narudi nyuma. Nancy naye tunakwenda naye. Yeye hajaugua, anafundishwa mapema tu, na kifutio tumekificha.

Nilipewa pia kazi ya nyumbani, utacheka. Niliambiwa nishone kitu, niache kosa moja kwa makusudi, na nikikabidhi nisiseme. Nilimshonea Mzee Mashimba wa usharika suruali, nikaacha mshono wa mfuko wa ndani umepinda. Siku ile nilitokwa jasho kana kwamba nimeiba sadaka. Baada ya wiki mbili akaja mwenyewe kibandani, nikajua mwisho wangu umefika. Alikuja kuagiza nyingine.

Sasa nakuja kwenye lile nililoliahidi. Nimekunywa chai kwanza.

Hakuna mwizi aliyekuja kibandani kwangu. Gauni lako nililimaliza siku kumi na moja kabla ya harusi. Lilikuwa zuri. Nancy alilijaribu akasema unaweza kuolewa nalo na waziri. Usiku ule nikaona mkono wa kushoto umezidi wa kulia. Nikafumua. Nikashona, nikaona bega limevuta. Nikafumua. Nancy alipima kwa futi mbele yangu, akasema mikono iko sawasawa kabisa, nami nikaona ananihurumia. Nilifumua mikono, nikafumua kifua, nikafumua kiuno, mpaka satini ikaanza kutoka nyuzi na matundu ya sindano yakawa mengi kuliko kitambaa. Mwishoni nilikuwa na vipande kumi na vinne sakafuni. Hapo ndipo nikakupigia habari za wezi. Niliona afadhali unichukie kwa uzembe wa kutofunga mlango kuliko uje uone nilivyo.

Na kuna la pili, ambalo ni zito zaidi kwangu. Siku mbili kabla ya harusi ulikuja nyumbani. Mama alikuambia nimekwenda Muleba kwa shangazi. Sikwenda popote. Nilikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia la maua ambalo wewe mwenyewe ulinichagulia. Nilimsihi Mama aseme hivyo, na alisema huku ameangalia chini, kwa hiyo usimkasirikie. Nilikusikia ukisema kwamba gauni siyo neno, kwamba hata ukiolewa na gunia utaolewa, ila unataka mimi niwepo siku hiyo, nikae upande wako. Uliacha sato wa kukaushwa amefungwa kwenye gazeti. Nilisikia kandambili zako mpaka zikaisha kwenye njia ya migomba. Nilitaka kuita, na sikuita. Katika siku zilizofuata kuna siku kama tatu nilitamani nilale nisiamke tena. Nimemwambia Sista, nimemwambia Mama, na sasa nimekuambia wewe ambaye nilipaswa kukuambia wa kwanza. Nisamehe, Nuriat. Nilivunja kiapo chetu nikiwa hatua nne kutoka ulipokuwa umesimama.

Sasa fungua kifurushi.

Ni gauni lako. Vile vipande kumi na vinne sikuvitupa, Mama alikuwa amevifunga kwenye shuka juu ya kabati. Tulivishona upya sisi watatu mwezi uliopita, Mama akikata nyuzi na Nancy akinisimamia nisiguse wembe. Limekuwa fupi, halifiki chini, linaishia kwenye vigimbi, na mshono wa kiunoni umefunikwa na lesi kwa sababu chini yake si pa kutazamwa. Harusi imeshapita, najua, na siwezi kuirudisha. Livae Idd hii inayokuja wiki ijayo, au lifanye pazia, au lianikie dagaa. Ni lako tangu lilipokuwa kwenye ndoo.

Ndani ya mfuko wa pembeni, maana nimekuwekea mfuko, nilijua utaulizia, kuna jani la mgomba limefungwa kwa uzi. Asubuhi ya leo kabla ya ibada nilichuma tunda moja la kahawa nyuma ya jiko, mti uleule, nikalipasua. Punje moja nimeimeza hapo hapo. Ya pili iko kwenye jani. Mate nimetia, wembe bado naogopa. Ukiimeza sina haja ya barua ndefu, mpe tu Protase neno lolote, hata tusi. Ukiona huwezi, mrudishie jani lilivyo, nitaelewa, na sitajiambia yale maneno matano.

Nisalimie Ismail na umwambie sina ugomvi naye kwa kukuchukua. Msalimie na mama yako ukizungumza naye kwa simu, mwambie nitamfuata mwenyewe kumwomba radhi. Mama anakusalimia, amekutengea ndizi zilizosalia na amesema hakika safari hii mlango utafunguliwa. Nancy anakusalimia kwa mwandiko wake pembeni ya ukurasa, amekosea jina lako na tumeliacha hivyo.

Mkono wa kushoto wa gauni umezidi wa kulia, upana wa ukucha. Nimeuona na safari hii tumeupima wote watatu, kweli umezidi. Nimeuacha.

Ni mimi, munywani wako, kama bado,

Yuster